Skuli na Shule: Nasaba ya Neno Moja

Mwalimu akishaizoea kalamu nyekundu, mkono hutangulia akili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili, nikalifikia daftari la kijana ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia kwetu kutoka Unguja. Alikuwa ameandika: "Skuli yetu ya zamani ilikuwa karibu na pwani." Nikalikata neno la kwanza, nikaandika juu yake "shule", kisha pembeni nikaongeza maneno ambayo leo nayaonea haya: "Usichanganye Kiingereza na Kiswahili." Alama moja ikaenda zake.

Siku ya pili yake kijana alinijia mezani, akaniamkia, akasema kwa adabu: "Mwalimu, kwetu ndivyo ilivyoandikwa mlangoni." Sikuwa na jibu la kumpa. Ndipo nilipoanza kulifuatia lile neno la Kiingereza, "school", nijue limetoka wapi, na kama kweli shule yangu ilikuwa Kiswahili safi kuliko skuli yake.

Yafaa tuanzie mbali, maana neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Wayunani wa kale, skhole halikuwa jina la nyumba wala la mafunzo. Lilitokana na shina lenye maana ya kushika au kuzuia, na maana yake ilikuwa kujizuia na kazi, yaani kupumzika, kuwa na wasaa. Tena wasaa huo waliuthamini hata shughuli wakaiita ascholia, ndiyo kusema "kukosa wasaa". Aristotle aliuhesabu wasaa kuwa ndiyo shabaha ambayo mtu huifanyia kazi. Na mtu huru aliyekuwa na wasaa alitarajiwa autumie katika mazungumzo ya hekima. Basi neno likahama polepole kutoka wasaa wenyewe hadi mazungumzo yale, kutoka mazungumzo hadi kundi la waliomzunguka mwalimu, na mwisho hadi mahali walipokutana.

Nikiwaeleza wanafunzi wangu habari hii huangua kicheko, kwa kuwa wao wameamka alfajiri, wamechota maji, na wengine wametembea mwendo mrefu kabla ya kengele. Kicheko chao kina haki. Wasaa ule wa Wayunani haukushuka kutoka mbinguni, bali ulibebwa na migongo ya watumwa. Hata mtoto aliyekwenda kwa mwalimu alisindikizwa na mtumwa, jina lake paidagogos, maana yake mwongoza mtoto. Na kutoka jina hilo la mtumwa ndipo lugha za Ulaya zilipopata neno lao la elimu ya ualimu. Sisi walimu, basi, jina letu la heshima huko Ulaya lilianzia kwa mtu ambaye hakuwa na wasaa hata kidogo.

Warumi walilichukua neno wakalifanya schola. Walikuwa pia na neno lao wenyewe, ludus, lililotumika kwa madarasa ya watoto wadogo, na ludus kwa asili ni mchezo. Sijui kama watoto wa Roma waliiona hivyo, maana fimbo haikukosekana.

Kiingereza kililipata neno kwa njia ya Kilatini. Mwaka 597 wamisionari waliotumwa kutoka Roma, wakiongozwa na Augustine, walifika Kent, na dini ile iliingia pamoja na vitabu vya Kilatini na watu wa kuvisoma. Katika Kiingereza cha kale neno laonekana kwa umbo la scol. Baadaye likaandikwa scole. Na ile herufi "h" inayowasumbua wanafunzi wetu katika imla ilipachikwa na wasomi waliotaka maandishi yafanane na Kilatini, ingawa mdomo haukuitamka. Lugha jirani nazo zilirithi neno lile lile: Wareno wasema escola, Waitaliano scuola, Wafaransa école, na Wajerumani Schule. Waingereza hulitumia pia kwa kundi la wanafikra wenye rai moja, maana iliyo karibu na ile ya Wayunani. Lakini wanapolitumia kwa kundi la samaki, hilo ni neno jingine kabisa, lililotoka kwa Waholanzi. Sauti imefanana, nasaba haikufanana.

Sasa tugeukie kwetu. Kabla ya Mzungu kufungua darasa, Mswahili alikuwa na chuo. Neno hili lilikuwa na maana mbili, kitabu na mahali pa kukisomea, na kutoka hapo tukampata mwanachuoni. Kadhalika kulikuwa na madrasa, kutoka Kiarabu, ndugu wa darasa. Wajerumani walipoitwaa Tanganyika, walihitaji makarani na watoza kodi, wakafungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, mafunzo yakitolewa kwa Kiswahili. Hawakuliita darasa lao chuo, kwa kuwa chuo kilikuwa cha Kurani. Waliliita kwa neno lao, na midomo ya Waswahili ikalipokea bila taabu: shule. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, lakini neno halikuondoka, kama ambavyo hela, iliyotokana na sarafu yao ya Heller, haikuondoka mifukoni mwetu.

Unguja na Pemba mambo yalikwenda njia nyingine. Zanzibar iliingia chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, na neno lililofika huko ni la Waingereza, likawa skuli. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, ilisimamia Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya msingi wa Kiunguja. Hata hivyo katika neno hili Kiunguja hakikushinda; lililoenea vitabuni, hadi Kenya ambako Mjerumani hakutawala, ni shule ya bara. Kwa hiyo yule kijana aliadhibiwa, kwa jina la Kiswahili sanifu, kwa kusema Kiswahili cha Unguja.

Majirani nao wana ushahidi wao. Rwanda husema ishuri na Burundi ishure, ingawa Wabelgiji waliingia huko tangu 1916 na Kifaransa chao chenye école. Sauti yaonyesha wazi kwamba neno lilikwisha kukaa kabla yao, au lilipita kwa Waswahili. Baganda hawakuazima jina la nyumba hiyo kwa Wazungu: huiita essomero, mahali pa kusomea, na Wakristo wao wa kwanza, baada ya wamisionari kufika kwa Mutesa mwaka 1877, waliitwa wasomaji. Na katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki na Katanga, mtoto huaga nyumbani akisema anakwenda masomo. Kwangu mimi majina haya mawili ya mwisho ndiyo mazuri kuliko yote, kwa kuwa yanataja kazi inayofanyika humo, wala hayataji aliyejenga.

Basi shule si mzazi wala mwana wa skuli. Ni watoto wa ndugu, babu yao Mlatini na babu wa babu yao Myunani. Mmoja aliletwa na Mjerumani, mwenziwe na Mwingereza, na wote wawili ni wageni waliopewa uraia. Katika mtihani wa bara nawashauri wanafunzi waandike shule, maana msahihishaji huenda akawa kama nilivyokuwa mimi. Lakini kalamu yangu haikati tena skuli.

Lile daftari nililiomba tena kwa kijana. Nikaufuta mstari niliouandika pembeni, nikamrudishia alama yake moja, mbele ya wenzake. Akashukuru. Alama ya pili, aliyoikosa kwa kuandika "nilifulahi", hakuidai, nami sikumpa.