PINGU (matumizi yake kwa mahabusi)
Pingu ni bangili mbili za chuma, zenye meno na kufuli, anazofungwa mahabusi vifundoni mwa mikono. Nchini Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 hairuhusu mtu aliyekamatwa azuiwe kupita kadiri inayolazimu ili asitoroke, na Katiba ya nchi, ibara ya 13(6)(e), yaharamisha mateso. Askari huzitetea pingu kwa hoja ya usalama safarini, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini taarifa ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ya tarehe 30 Novemba 2020, iliyokusanya ushahidi wa wakimbizi wa Kirundi waliochukuliwa katika kambi za Kigoma, ilieleza kwamba katika kituo cha polisi cha Kibondo watu walining'inizwa darini kwa pingu zao, wakapigwa, wakatiwa shoti za umeme, na kupakwa pilipili usoni na sehemu za siri; na huo, ukithibiti, ni udhalimu usio na udhuru wowote, kwa mkimbizi wa kambi ya Nduta au ya Nyarugusu wilayani Kasulu sawasawa na kwa raia. Hata hivyo, Tanzania haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso wa 1984.