Picha Moja ya Idi

Mwezi wetu mtukufu ukishaingia kumi la mwisho, mafundi cherehani hawalali na kina mama wanaulizana bei za vitambaa. Wewe siku ya Idi ukishavaa, simu i mkononi, dakika moja watu mia washakuona. Wazee wetu je? Wao walikuwa wakenda studio.

Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, iliyoanza miaka ya 1940 ikaendelea mpaka miaka ya 1980. Mwenyewe, N.V. Parekh, alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapa hapa, na waliokwenda kwake walikuwa watu wa kila aina: Waswahili, Waarabu, Wahindi, watu wa bara. Ukizitazama zile picha zake nyeusi na nyeupe utaona maharusi, vijana wa suti, na mashoga wawili waliovaa sare kama pacha. Mtu hakuwa akijipigia tu. Picha ilikuwa ya kupewa mtu: mchumba, shoga aliyeolewa mbali, ndugu aliye safarini. Nyuma yake huandikwa kwa kalamu ya wino, "Ukumbusho", na jina na tarehe.

Lamu nako alikuwako Omar Said Bakor (1932–1993). Huyu alikuwa fundi wa ajabu. Akiingia chumba cha giza hutoka na uso wa mtu umechanua ndani ya ua, au umekaa katikati ya moyo. Leo kijana atasema hiyo ni programu ya simu tu, lakini mzee yule alikuwa akiunganisha kwa mikono, na kosa moja karatasi imeharibika.

Sasa utaniuliza, na hukumu ya taswira je? Sote tumesoma madrasa hadithi za Bukhari na Muslim kuhusu adhabu ya wenye kutengeneza sura. Kamera ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, maulamaa walikabiliwa na jambo jipya. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri kuanzia 1914 mpaka 1920, aliandika kwamba picha ya kamera si kuumba sura bali ni kukizuia kivuli ambacho Allah (S.W.T.) ameshakiumba. Wengine hawakukubali. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliikataza isipokuwa kwa dharura, kama vile kitambulisho na pasipoti. Mimi si mufti, nami sitaki kuvaa kilemba kisicho changu. Muulize sheikh wako.

Lakini nimegundua kitu nyumbani kwetu. Nyanya yangu hakuwa na shida sana na kamera. Shida yake ilikuwa moja: nani ataiona?

Miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei na vijana wengi wa pwani wakenda Arabuni kutafuta kazi, babu yangu alikuwa mmoja wao. Idi ilipofika nyanya akashona nguo, akafuatana na kaka yake mpaka studio, akavua buibui lake nyuma ya pazia, akapigwa picha moja. Waliporudi kuichukua ilipokwisha kusafishwa, hakutosheka na karatasi. Akadai na negativu. Mwenye studio akacheka, manake desturi ilikuwa negativu zabaki kwake, ukitaka nakala nyingine warudi kulipa. Kaka mtu ikambidi aongeze pesa. Nyanya akaenda nayo nyumbani akaikata kwa mkasi, akatia jikoni, mkaa ukaila. Picha akaitia kwenye bahasha, ikapelekwa kwa mkono wa msafiri.

Babu alirudi nayo. Alipofariki, nyanya akaitia kwenye sanduku, ndani ya leso, na humo ilikaa miaka mingi.

Mwaka jana binamu yangu aliipiga kwa simu, kwa mapenzi tu, akaitia kwenye kikundi cha familia. Watu wakafurahi, wallahi, "Mashaallah nyanya alikuwa mzuri!" Nami niliandika hivyo hivyo. Siku ya pili ikaonekana kwa mtu asiye wa familia yetu kabisa, imetiwa na maua pembeni. Nyanya alipoambiwa hakugomba. Alinyamaza, kisha akasema, "Ile nalimpa babu yenu."

Tulijaribu kuifuta. Sote tulifuta kwenye simu zetu, lakini nani ajuaye imefika wapi? Negativu ya zamani ilikuwa moja, na mkaa ulitosha.

Juzi baada ya tarawehe nimemkuta ameketi barazani. Ana dada yake yuko Muscat, ni mgonjwa, hawajaonana miaka mingi, ataka kumpelekea picha ya Idi hii. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, waweza kunipiga moja tu, nikampelekea yeye, na isibaki mle ndani ya simu?"

Nimemwambia nitatafuta studio iliyobaki mjini, ile ya watu wa picha za pasipoti, nione kama yuko mwenye kamera ya filamu. Bado natafuta. Ukimjua mmoja, ndugu msomaji, niambie kabla ya mwezi kuandama.