Kesi ya shamba na bei ya kubisha hodi

Kama umewahi kupita Makanya, wilaya ya Same, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi, usidanganywe na ukame. Ni tambarare kavu, vumbi na machimbo ya jasi. Lakini mvua ikinyesha juu milimani Upare, maji hushuka kwa kishindo na kumwagika mashambani. Shamba linalofikiwa na maji hayo linatoa mahindi, la jirani linaweza kukosa. Ndiyo maana mpaka wa shamba hapa si jambo la mchezo.

Swali langu ni hili: mtu wa Makanya akinyang'anywa shamba kama hilo, inamgharimu nini kubisha hodi mahakamani? Sizungumzii kushinda. Nazungumzia kuingia tu.

Tuanze zamani. Upareni ardhi ilikuwa ya ukoo. Asiye na ardhi aliweza kuazimwa kwa utaratibu wa isaga, naye akampelekea mwenye shamba kitu kidogo, aghalabu pombe. Usiifananishe na kodi ya chumba Sinza. Ile pombe ilikuwa ushahidi: kila ilipopokelewa, pande zote mbili zilikiri shamba ni la nani.

Mwingereza akaja na karatasi. Mwaka 1920 Tanganyika ililetewa sheria za India, ikiwemo ya mwenendo wa mashauri ya madai ya 1908. Lipa kwanza, ndipo usikilizwe. Hata hivyo waliotunga sheria ile walijua kuna wasio nacho. Amri ya 33 ilimruhusu fukara kufungua shauri bila kulipa ada, akithibitisha kwanza ufukara wake. Sheria yetu wenyewe tuliitunga mwaka 1966.

Lakini Mpare wa enzi zile hakuhusika na mlango huo. Kesi yake ya shamba ilikwenda mahakama ya wenyeji, mbele ya mtawala wa kwao. Sheria ya 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya maofisa wa utawala, rufaa ikienda kwa Bwana DC, na mawakili walizuiwa. Ada na faini ziliingia hazina ya utawala wa wenyeji, hazina ileile iliyowalipa watawala mishahara. Sasa fikiria unamshitaki ndugu wa mtawala. Unamlipa nani akusikilize?

Wapare hawakuwa watu wa kunyamaza kuhusu fedha. Januari 1945 maelfu walishuka mjini Same kupinga mbiru, kodi ya kukadiriwa. Walikomaa mpaka ikafutwa mwaka 1947.

Baada ya Uhuru, sheria ya 1963 iliunganisha mahakama ziwe za wote. Kisha ikaja Sheria Namba 2 ya 2002 na ngazi yake mpya: baraza la kijiji la kusuluhisha, lenye watu 7, wakiwemo wanawake 3, baraza la kata, baraza la ardhi na nyumba la wilaya, halafu Mahakama Kuu. Baraza la kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya Sh milioni 3. Kwa mkulima wa Makanya, maana yake ni uamuzi kutolewa palepale kwenye kata yake.

Mwaka 2021 Bunge liliondoa nguvu hiyo. Sasa kata inasuluhisha tu, kwa siku 30. Ikishindikana inatoa cheti, na mtu anaanza safari ya Same mjini. Sikatai, maamuzi mengi ya kata yalikuwa yakifutwa kwenye rufaa kwa sababu akidi haikutimia. Lakini kasoro ya akidi ilitibika kwa mafunzo. Nauli haitibiki. Ada unalipa mara moja unapofungua kesi, nauli unalipa kila kesi inapoahirishwa, na mashahidi wako unawalipia wewe. Ukikata rufaa, ni Moshi.

Wapo walioufungua mlango huo kwa umoja. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa Pori la Akiba la Mkomazi, upande wa pili wa milima. Katika miaka ya 1990, watu 53 walikwenda Mahakama Kuu Moshi wakisaidiwa na mawakili wa haki za binadamu. Wachache wao, mmoja mmoja, wangefika? Sidhani. Baadhi walipewa fidia ya Sh 300,000 kila mmoja, lakini kurudi walikataliwa, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikafunga mjadala. Mlango ulifunguka, shamba halikurudi. Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Tatizo, ni wakulima wangapi wamewahi kuisikia?

Na kuna saa inayotembea kimyakimya. Kwa sheria ya ukomo ya 1971, madai ya kurudishiwa ardhi yana miaka 12. Mwenye nguvu hahitaji kushinda kesi. Anahitaji wewe uendelee kutafuta nauli mpaka miaka hiyo iishe, naye abaki analima.

Kwa hiyo tukijadili migogoro ya ardhi tusiishie kuuliza nani ana haki. Tuulize pia nani ameshindwa kufika.