Wavuvi Hufika Kwanza: Sheria za Maafa na Ziwa Victoria

Historia ya usimamizi wa maafa nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata sheria na idara. Iko njia nyingine ya kuisimulia, nayo ni kuuliza siku ya msiba ni nani aliyefika kwanza, na alikuwa na nini mkononi. Ziwa Victoria limetupa jibu moja zaidi ya mara moja.

Tuanze na sheria. Mwaka 1990 ilitungwa Sheria ya Kuratibu Misaada ya Maafa, na uratibu ukawekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Jina la sheria hiyo linafichua fikra zake. Taifa lilikuwa limepitia ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, ambapo Serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Maafa ya namna hiyo huja taratibu. Mvua hukosekana, mazao hunyauka, maghala huisha, na kamati hupata wiki kadhaa za kukutana na kugawa mahindi. Dhana ya maafa ikawa ni upungufu wa chakula, na kazi ya dola ikawa ni ugawaji.

Meli haizami kwa kasi ya ukame. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 430, lakini abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hivyo idadi ya waliokufa haikupata kujulikana kwa hakika. Makadirio yanaanzia mamia na kukaribia elfu moja. Masimulizi ya siku ile yanaeleza kwamba watu walisikika wakigonga kutoka ndani, tundu likatobolewa ubavuni, hewa ikatoka, na meli ikazama kabisa. Wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walikuja baadaye, lakini kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa ya kuopoa miili. Sheria ya misaada haikuwa na la kufanya katika saa ile, kwa sababu haikutungwa kwa ajili ya saa ile.

Ilichukua miaka 19 kabla ya kutungwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2015, iliyozungumzia kinga na utayari, na kuagiza kuundwa kwa wakala maalumu. Lakini tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wilayani Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Giza lilipoingia, uokoaji ulisitishwa hadi alfajiri. Siku mbili baada ya ajali, fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai kutoka ndani yake. Maana yake ni kwamba usiku ule uokoaji uliposimama, ndani ya kivuko kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyekuwa akipumua.

Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa tena. Majukumu yakarudishwa kwenye idara ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kamati zikapangwa kutoka taifa hadi kijiji. Mwezi Novemba mwaka huohuo ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Kijana mmoja miongoni mwao alizawadiwa na kupewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Zawadi ile ilistahili. Hata hivyo, ushujaa wa raia si mpango wa Serikali. Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba nchi haiwezi kuweka kikosi cha uokoaji katika kila mwalo. Hoja hiyo ndiyo inayotulazimu kuanza na wale waliopo tayari. Karibu kila mwalo una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kinachojua maji, upepo na mitumbwi yake. Kikundi hicho kikipewa redio, kamba, taa za usiku, makoti ya kujiokolea na mazoezi ya mara kwa mara, kamati ya maafa ya kijiji itakuwa na mikono, badala ya kuwa orodha ya majina kwenye jalada.

Na kabla ya hayo yote, abiria wahesabiwe. Kati ya MV Bukoba na MV Nyerere ilipita miaka 22, na kosa lilikuwa lilelile. Kulizuia hakuhitaji helikopta wala wafadhili. Kunahitaji ofisa aliyesimama gatini, mwenye mamlaka ya kusema chombo kimejaa, na mkubwa wake asiyempigia simu kumwambia akiachie kiondoke.