Neno la Kiingereza "trade" na historia ya Kongo

Mtu asomaye nyaraka za Kiingereza zihusuzo Kongo ya mwisho wa karne ya 19 hukutana mara kwa mara na neno "trade". Wanafunzi wetu hulifasiri mara moja kwa neno "biashara", na kamusi huwaunga mkono. Hata hivyo maneno haya mawili hayana asili moja, wala hayabebi mzigo mmoja. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya kila neno, kisha kuonyesha jinsi maana ya biashara ilivyogombaniwa katika Dola Huru la Kongo kati ya mwaka 1885 na 1908, na mwishowe kutoa pendekezo kwa wafasiri.

1. Kutoka njia hadi soko

Neno "trade" liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kutoka Kijerumani cha Chini cha zama zile, ambako lilimaanisha njia au mapito. Lina undugu na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kukanyaga. Hapo mwanzo lilitumiwa pia kwa mwendo wa chombo baharini. Kutoka njia ya miguu na ya merikebu, maana ilihamia njia ya maisha, yaani mwenendo wa mtu wa kila siku. Kisha ikawa kazi aliyojifunza, kama useremala au uhunzi. Na katika karne ya 16 ikafikia kuuza na kununua.

Maana hii ya mwisho haikuzifukuza zile za kale. Chama cha wafanyakazi huitwa kwa neno hili kwa sababu kilianza kama umoja wa watu wa ufundi mmoja, wafanyabiashara hawamo. Vivyo hivyo, zile pepo zinazovuma kutoka mashariki kuelekea ikweta, ambazo Wafaransa huziita "alizés", zilipewa jina hilo na Waingereza kwa kuwa hushika njia moja bila kugeuka. Anayezifasiri kuwa "pepo za biashara" ameweka maana ya mwisho mahali pa maana ya kwanza.

2. Mikono miwili ya biashara

Neno letu lilipita njia nyingine. "Biashara" limetokana na maneno mawili ya Kiarabu yaliyounganishwa: "bay‘", kuuza, na "shirā’", kununua. Neno "bei" nalo latoka katika lile la kwanza. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ililileta pamoja na Kiswahili chenyewe hadi Maniema na Katanga. Kwa hiyo ndani ya neno hili wamo watu wawili tangu asili, mwuzaji na mnunuzi. Hawa sharti wapatane bei, na kila mmoja aweza kukataa na kwenda zake. Ndiyo maana wahenga walisema: biashara haigombi.

Lakini tusilitukuze neno kupita kiasi. Misafara hiyohiyo iliendesha biashara ya watumwa. Mwuzaji na mnunuzi walipatana, ila binadamu aliyeuzwa hakuulizwa neno. Asili ya neno si ushahidi wa uadilifu wa matendo. Hutupatia kipimo tu: ni nani waliopatana, na ni nani aliyegeuzwa bidhaa?

3. Mabishano juu ya maana

Mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885 uliahidi katika kifungu chake cha kwanza kwamba biashara ya mataifa yote itakuwa huru kabisa katika bonde la Kongo. Kifungu cha 5 kilikataza kumpa yeyote haki ya peke yake katika mambo ya biashara. Mkataba uliandikwa kwa Kifaransa, ukitumia neno "commerce". Waingereza walilifasiri kwa "trade".

Ahadi hiyo haikudumu. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Na machoni pa watawala, misitu ambamo wanavijiji waliwinda na kuchuma haikuwa na mwenyewe. Kwa amri ya tarehe 21 Septemba 1891, Leopold II aliwaagiza maofisa wake wa Uele na Ubangi kulihifadhia Dola mazao ya misitu, hasa pembe za ndovu na mpira. Nyaraka za maofisa zilizofuata ziliwaonya wafanyabiashara kwamba atakayenunua vitu hivyo kwa wenyeji atahesabiwa mpokeaji wa mali ya wizi. Hivyo mnunuzi akaitwa mwizi, na mwuzaji akawa mtu anayeuza kisicho chake.

Watetezi wa Dola walijibu lawama kwa hoja ya lugha. Walisema kwamba mwenye shamba akivuna matunda yake hafanyi biashara, bali hutumia mali yake. Basi uhuru wa biashara haukuguswa. Hoja hii ilikuwa na sura ya sheria, lakini wavunaji hawakuwa wenye shamba. Walikuwa wanavijiji waliolazimishwa kwa bunduki, kwa kiboko na kwa kuwekwa rehani wake zao.

Aliyeijibu hoja hiyo kwa ukali zaidi alikuwa Edmund Dene Morel, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool. Alipochunguza hesabu za meli za Antwerp, aliona kwamba mpira na pembe zilifika kwa wingi mno, na kwamba meli zilirudi Kongo zikiwa na bunduki na risasi nyingi, lakini bidhaa chache zisizoweza kulipia mali ile. Akakata shauri kwamba palipo na upande mmoja unaotoa tu hapana biashara. Tarehe 8 Agosti 1903 serikali ya Uingereza iliwaandikia waliotia sahihi mkataba wa Berlin, ikilalamikia mateso ya wenyeji pamoja na ukiritimba. Ripoti ya Roger Casement ikafuata mwaka 1904.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba wachumaji walilipwa mitako, zile nyaya za shaba zilizotumika kama fedha kando ya mto. Ni kweli, mara nyingine malipo yalitolewa. Lakini kiasi kiliamuliwa na mlipaji peke yake, na aliyekataa kuchuma aliadhibiwa. Malipo bila haki ya kukataa hayafanyi biashara. Baada ya Ubelgiji kuitwaa nchi tarehe 15 Novemba 1908, wenyeji waliruhusiwa tena kuchuma na kuuza mazao ya misitu, eneo baada ya eneo, kati ya mwaka 1910 na 1912. Kurudishwa kwa ruhusa hiyo kwaonyesha wazi kitu kilichokuwa kimeondolewa.

4. Pendekezo

Mfasiri akutanapo na "trade" na ajiulize kwanza kama ni njia, ufundi au mauziano. Ikiwa ni mauziano, atafute mikono miwili. Kwa mpira wa Dola Huru la Kongo hataiona. Hapo tunapendekeza aandike "uchumaji wa lazima" au "utozaji wa mpira", na kueleza sababu yake kwa msomaji. Tukiendelea kuandika "biashara ya mpira" katika vitabu vyetu vya shule, tutakuwa tumewapa watawala wale, kwa lugha yetu wenyewe, sifa ya wafanyabiashara ambayo hata wanasheria wao hawakuidai.