Gitaa la Katikati

Ukisimama juu ya shamba letu Kibirichia asubuhi isiyo na ukungu, Mlima Kenya uko mgongoni na mbele yako, chini kabisa, ni nyika. Isiolo iko huko, na baada ya Isiolo ni nchi kavu mpaka macho yachoke. Sisi wa huku juu ni watu wa viazi, karoti na baridi. Nyika ni ya wale wa chini. Hivyo ndivyo nilivyojua, mpaka nilipoanza kuisikiliza vizuri bendi ambayo baba yangu ameipenda tangu kabla sijazaliwa. Kumbe kwa mtu wa Tanga, aliyekulia karibu na bahari, nyika ni bara lote lililo nyuma yake. Hata sisi wa viazi tumo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo, na mambo mengine ambayo si ya leo. Nikarudi nyumbani na begi moja na simu iliyopasuka kioo. Baba hakunigombeza. Alinyamaza, na afadhali angenigombeza. Tulikaa stoo siku nzima tukichagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule, vilivyokatwa na jembe pembeni, na kati yetu ilikuwa redio tu. Jumapili moja wakapiga zilipendwa. Ndipo akasema neno lake la kwanza ambalo halikuhusu viazi: "Usimfuate mwimbaji. Msikilize huyo wa gitaa la katikati."

Basi nikamsikiliza. Na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya kichwa, nikaanza kufuatilia ametoka wapi.

Hadithi inaanza Tanga, mji wa bandari na mkonge, uliokuwa na bendi za kutosha kugombania mashabiki. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz Band. (Neno jazz kwenye majina ya bendi za wakati ule lisikuchanganye. Lilimaanisha magitaa ya umeme na watu wamevaa vizuri, basi.) Baadaye wakahamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka 1971 wakavuka kuja Kenya, na huku wakaitwa Simba Wanyika. Sijui kama ipo bendi nyingine iliyojichagulia jina linalofaa hivyo: watu wa pwani wamepanda bara kutafuta riziki, wakajiita simba wa huko huko wanakokwenda.

Kwa nini Nairobi? Kwa sababu kampuni za santuri zilikuwa Nairobi, na viwanda vya kuzifyatua pia. Tanzania wakati ule bendi nyingi zilikuwa chini ya mashirika ya umma, jeshi au chama, na kurekodi kulifanyika redioni. Mwanamuziki aliyetaka santuri yake ishikike mkononi alipanda basi kuja Kenya. Wakongo nao walikuja kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa gitaa la katikati. Ukiangalia vyombo tu, bendi hizi ni sawa na bendi ya roki ya Uingereza ya miaka hiyo: magitaa, besi, drams. Tofauti iko kwenye mgawanyo wa kazi. Kwenye roki ya kawaida gitaa la rithimu hupiga kodi, nyuzi zote kwa mkupuo, kama mtu anayepasua kuni. Kwa akina Wanyika rithimu inachambua nyuzi moja moja, duara dogo linalozunguka bila kuchoka, na halilegei hata mwimbaji akiondoka. Juu yake solo inapita ikiongea kidogo. Chini yake besi haijazi kila nafasi: inasema maneno matatu, inakaa kimya, inasema mengine mawili. Ukiondoa solo wimbo unabaki na njaa kidogo. Ukiondoa rithimu, hakuna wimbo.

Aliyekuwa akilizungusha duara hilo ni Omar Shabani, na watu walimwita Profesa. Mimi niliyetoka chuo bila cheti nilikubali cheo chake mara moja.

Mwaka 1978 Profesa akaondoka Simba Wanyika. Hakuondoka peke yake: mpiga besi Tom Malanga, mpiga drams Rashid Juma na mwimbaji Issa Juma walikuwa pamoja naye. Hebu fikiria ndugu wa Kinyonga asubuhi ile. Bado wana sauti zao, bado wana jina, lakini sakafu yote ya wimbo imetoka mlangoni kwa miguu. Walioondoka wakamchukua John Ngereza kwenye gitaa la solo, Mtanzania mwenzao aliyekuwa akipiga Kenya na bendi ya Kikongo ya Bwambe Bwambe, na Novemba ile wakazaliwa Les Wanyika. Hata jina waliligawana. Ile "Les" ya mbele ni manukato ya Kikongo tu, kwa sababu rumba ya Kongo ilikuwa inauza.

Halafu kuna jambo ambalo wasimulizi wengi wa zilipendwa hulipita haraka, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mwaka huo huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa hiyo hawa jamaa walivunja bendi na kuanza upya, bila pesa, wakati barabara ya kwenda kwao ilikuwa imefungwa. Kama mambo yangewashinda, hakukuwa na basi la kurudi Tanga kwa mama. Walifanya mazoezi miezi sita kabla ya kuanza kupiga Garden Square pale Nairobi.

Mwaka 1979 wakatoa Sina Makosa, na huo wimbo unaujua hata kama hujui kama unaujua. Umepigwa kwenye kila harusi, kila matanga, kila matatu ya kutoka Kibirichia kwenda Meru. Ni kesi ya mapenzi, na anayeimba anajitetea. Mtetezi ni Issa Juma, sauti nzito isiyo na haraka, Kiswahili cha kwao kilichonyooka. Huku kwetu tunaongea Kimeru nyumbani, na Kiswahili cha shule ni cha kujibu maswali ya mtihani. Mama aliniambia kwamba vijana wa rika lao walijifunza kutongozana kwa Kiswahili cha bendi hizi. Mwalimu gani angewafundisha hayo?

Lakini msikilize anavyojitetea. Maneno yanasema hana kosa. Gitaa la Profesa chini yake linazunguka pale pale, kama mtu anayetembeatembea chumbani usiku, hapati usingizi. Mimi simwamini mwimbaji hata kidogo. Naliamini gitaa.

Issa Juma naye aliondoka mapema, miaka ya mwanzo ya themanini, akaanzisha Super Wanyika, na huko akatoa Sigalame. Wanyika wakazaa Wanyika kama viazi. Simba Wanyika wenyewe hawakufa kwa kuachwa. Walitafuta wengine, wakaendelea kurekodi zaidi ya miaka kumi. George alifariki 1992, Wilson 1995, na bendi ikaisha nao. Ngereza alibaki na Les Wanyika mpaka kifo chake mwaka 2000.

Nilimsimulia baba haya yote stoo, nikitumaini kitu, sijui kitu gani. Nikamwuliza kama anaona akina Profesa walikosea kuondoka. Alikuwa anashona mdomo wa gunia kwa sindano ile ndefu. Hakuinua kichwa.

"Mazoezi walifanya miezi mingapi?"

"Sita."

"Na wewe uko hapa mwezi wa ngapi?"

Wa nne, nikamwambia. Akakata kamba kwa meno, akavuta gunia lingine.

Kuna kitu kimoja zaidi kuhusu zile santuri. Wimbo mrefu haukuenea upande mmoja, kwa hiyo walikuwa wakiukata: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili ng'ambo. Maneno mengi yako upande wa kwanza. Magitaa yanapata uwanja wao upande wa pili. Redio mara nyingi hupiga wa kwanza tu. Jumapili iliyopita ilikuwa hivyo hivyo, wimbo ulikatwa magitaa yalipoanza kupamba moto, ikaingia taarifa ya habari. Baba akapunguza sauti ya redio, akaendelea na wimbo kwa mluzi huku anachagua viazi. Nilidhani angepiga solo, ile ambayo kila mtu anaijua. Alipiga rithimu.