Siku linki za Megaupload zilipokufa

Januari 19, 2012, waliobofya linki za Megaupload, tovuti ya kutumiana mafaili, hawakukuta faili. Walikuta nembo za vyombo vya dola vya Marekani na tangazo kwamba tovuti imekamatwa kwa amri ya mahakama. Kila kumbukumbu ya siku hiyo inaporudi, husimuliwa habari za tajiri mmoja na magari yake. Waliokuwa wamehifadhi mali zao humo hawatajwi sana, na hao ndio wengi.

Kutumiana mafaili kulianza kabla ya tovuti kuwepo. Aprili 1971, Abhay Bhushan, mwanafunzi kutoka India aliyekuwa MIT, aliandika kanuni za FTP, njia ya kompyuta moja kuchukua faili kutoka kwa nyingine. Baruapepe nayo ilipoenea, ikashindwa kubeba viambatisho vizito, na hapo biashara ya linki ikapata wateja. RapidShare ilianza Ujerumani mwaka 2002. Megaupload ikafuata 2005, makao yake Hong Kong. Ulipakia faili, ukapewa anwani, ukaituma kwa umtakaye. Hakuna aliyekuuliza jina. Asiyelipa alisubiri sekunde zihesabiwe. Aliyelipa alipakua papo hapo.

Afrika Mashariki ilichangamkia mtindo huo Julai 2009, mkonga wa SEACOM ulipoanza kazi na kuziunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kwa njia ya bahari. Blogu za Bongo Fleva zikajaa linki za kupakulia nyimbo.

Megaupload ilikuwa na mwenye sura. Kim Schmitz, mzaliwa wa Kiel, Ujerumani, alibadili jina akajiita Kim Dotcom, akahamia New Zealand na kupanga jumba la kifahari Coatesville, nje ya Auckland. Hati ya mashtaka ya kukiuka hakimiliki iliyofunguliwa Virginia, Marekani, ina kurasa 72, na inasomeka kwa sehemu kama orodha ya mnada: Rolls-Royce, msururu wa Mercedes-Benz, na namba za magari zilizoandikwa GOD, MAFIA na GUILTY. Humo inaelezwa kwamba kampuni iliwahi kujitangaza kuwa na watumiaji zaidi ya milioni 180 waliojisajili na asilimia 4 ya mawasiliano yote ya intaneti. Waendesha mashtaka walidai imeingiza zaidi ya dola milioni 175 na kuwatia wenye hakimiliki hasara ya zaidi ya dola milioni 500.

Kule New Zealand ilikuwa tayari asubuhi ya Januari 20, siku moja kabla ya Dotcom kutimiza miaka 38. Polisi wenye silaha walitua uani kwa helikopta. Walimkuta katika chumba cha kujificha, bunduki ikiwa karibu. Juni mwaka huo Jaji Helen Winkelmann wa Mahakama Kuu alisema hati za upekuzi zilikuwa batili kwa kuwa pana mno, ingawa mahakama za juu baadaye ziliutengua uamuzi wake. Septemba, Waziri Mkuu John Key alimwomba Dotcom radhi hadharani baada ya kubainika kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo lilimpeleleza kinyume cha sheria.

Vituko hivyo vilifunika hoja nzito zaidi, inayohusu linki yenyewe. Mfumo wa Megaupload uliitambua kila faili kwa alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo. Watu 100 wakipakia filamu ileile, seva ilihifadhi nakala moja na kutoa linki 100. Mwenye hakimiliki akilalamika, linki aliyoitaja ilifutwa, lakini filamu ilibaki na linki 99 zikaendelea kufanya kazi. Waendesha mashtaka waliuita huo ujanja. Mawakili wa Dotcom walijibu kwamba faili ileile inaweza kuwa wizi kwa mmoja na mali halali kwa mwingine aliyeinunua, hivyo haiwezi kufutwa kwa wote.

Wakati wakubwa wakibishana, seva zilizimwa. Kampuni ya Carpathia ya Virginia, iliyokuwa ikiikodisha Megaupload, ilibaki na seva zaidi ya 1,000 zenye petabaiti 25, yaani gigabaiti milioni 25, ikilalamika kwamba kuzitunza kunaigharimu dola 9,000 kwa siku. Mpiga video wa Ohio aliyerekodi michezo ya shule, ambaye diski yake ilikuwa imeharibika siku chache kabla, alikwenda mahakamani kuomba kazi zake mwenyewe, akitetewa na EFF, shirika la kutetea haki za watumiaji wa mtandao. Hakutuhumiwa kosa lolote. Uholanzi hali ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2013 kampuni ya LeaseWeb ilifuta seva 630 za Megaupload, na kilichokuwamo hakikurudi.

Tovuti nyingine za aina hiyo zikashtuka. FileSonic ilizuia kushirikishana mafaili siku chache baada ya msako. RapidShare ilifungwa Machi 31, 2015. Dotcom alizindua tovuti mpya, Mega, Januari 2013, kisha akajitenga nayo. Wenzake wawili walikiri makosa na mwaka 2023 wakafungwa New Zealand. Agosti 2024 waziri wa sheria wa nchi hiyo alisaini amri ya Dotcom kupelekwa Marekani, zaidi ya miaka 12 baada ya helikopta kutua. Siku hizi wengi wanatumia WeTransfer, Google Drive au WhatsApp.

Majina yamebadilika, mazoea ni yaleyale. Mwenye linki ni kama mwenye risiti ya kifurushi stendi: ofisi ikifungwa, karatasi haimpi mzigo. Bado tunakabidhi video za harusi, tasnifu na albamu nzima kwa seva za watu wa mbali, kisha tunafuta nakala zetu ili simu ipate nafasi. Nyimbo zilizotoka kwa linki za blogu zile, leo ukibofya nyingi hazifunguki. Sheria za Tanzania na Kenya zinamtaka mchapishaji wa kitabu awasilishe nakala zihifadhiwe. Wimbo uliotoka kwa linki unastahili mtunzaji wa namna hiyo, na vituo vya redio, vyuo na wasanii wenyewe wana diski za kuanzia. Kuwasubiri wenye seva watutunzie ni kuwaachia pia uamuzi wa siku ya kufuta.